Mafuta ya kuinua injini yakigeuka kama chai ya maziwa

Bro umeuliza kuhusu injini yako ya boti, ile ya kufungwa nyuma, kwamba mafuta ya mfumo wake wa kuiinua na kuishusha yamekuwa meupe na usiku inashuka yenyewe. Hayo mafuta meupe uliyoona ni maji yameingia, kwa hivyo kuongeza tu juu haitasaidia, lazima uyatoe yote. Kwanza inua injini hadi mwisho kabisa halafu uifunge na ile loki yake na bado uweke gogo chini, usiniambie ati unaiamini, hiyo kitu ikishuka na mkono uko hapo utajuta. Usifungue kifuniko cha mafuta hayo injini ikiwa chini, yatakurukia machoni.

Ikiwa juu, fungua polepole, nyonya mafuta na sirinji, jaza mapya mpaka usawa wa tundu la kujazia, funga, toa loki na gogo, shusha na upandishe mara nne tano hivi, kisha rudia tena mpaka yatoke masafi. Hewa inajitoa yenyewe vile unapandisha na kushusha, ila usiache tanki la mafuta hayo likauke kwa sababu pampu itavuta hewa na utaanza upya. Mimi hapa Dunga, ufuo wa Kisumu, natumia ATF nyekundu, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki ya gari, injini nyingi za zamani zinaikubali lakini soma kitabu chake kwanza. Mafuta ya breki HAPANA, yanakula sili, zile raba za kuziba.

Na hiyo ya kushuka yenyewe usiku, angalia ile skrubu ya kushusha na mkono kama imekazwa vizuri, ikiwa imekazwa basi mara nyingi ni sili ama oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, na maji pia huenda yalipitia hapo hapo.