Uliza spea kwa namba ya giaboksi, si kwa jina la gari

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia DAF 95XF mbili, tunabeba viazi kutoka huku Mbeya kwenda Dar es Salaam. Moja, ya gia 16 za mkono, tangu msimu uliopita ukiteremka Kitonga na mzigo gia inachomoka yenyewe. Tena ukitoka lo (gia za chini) kwenda hai (gia za juu) inasita, halafu inaingia kwa kishindo. Fundi wa kwanza amesema giaboksi hizo zimepitwa na wakati, spea hakuna, nifunge ya Kichina au gari liende skrepa. Wa pili amesema ataishusha na kuchomelea meno ya gia. Nimsikilize yupi? Mmiliki wa malori, Mbalizi.

JIBU: Marahaba binti yangu, na poleni na msiba. Usimsikilize yeyote kati yao kwanza. Chukua tochi, kitambaa na mafuta ya taa kidogo, uingie chini ya gari ukatafute kibati.

Ubavuni mwa giaboksi yako kuna kibati kidogo cha chuma, mara nyingi kimefunikwa na tope na oili iliyoganda, au mtu alikipaka rangi siku ya kupeleka gari ukaguzi. Kisafishe taratibu. Utaona herufi ZF, kisha aina ya giaboksi, kwa mfano 16S 181, kisha namba ndefu ya orodha ya vipuri, na namba yake yenyewe ya kutoka kiwandani. Piga picha. Iandike kwenye daftari pia, maana simu huibiwa.

DAF hawakutengeneza giaboksi hiyo, waliinunua kwa kampuni ya ZF ya Ujerumani. Na ZF waliuza ukoo huohuo wa giaboksi, unaoitwa Ecosplit, kwa MAN, kwa Iveco na kwa wengine. Ukienda dukani ukaomba pete ya sinkro (inayolinganisha mwendo wa gia zinapoingia) ya DAF 95, muuzaji anatafuta kwenye boksi la DAF, halipo, anakwambia imekwisha duniani. Mita tano kutoka hapo, duka la jirani lina pete ileile imelala kwenye boksi lililoandikwa MAN. Kweli viwanda vya Ulaya vimehamia kwenye giaboksi zinazojibadili gia zenyewe, ZF wenyewe wakaleta AS Tronic na baadaye TraXon, na gia za mkono kwenye malori mapya ya huko zimekuwa nadra. Lakini wewe hutafuti giaboksi mpya. Unatafuta vipande vinne au vitano, na vingi vya hivyo si mali ya DAF wala ZF.

Chukua beringi. Ukifungua giaboksi utakuta beringi imeandikwa, tuseme, 6312. Hiyo ni namba ya dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, unapata tundu la ndani, milimita 60. Upana wa nje ni 130, unene 31, iwe imetoka SKF, FAG, NSK au popote. Ila soma na herufi zinazofuata, hapo ndipo pesa za watu hupotea. C3 maana yake beringi ina nafasi kubwa kidogo ndani, ili ikipata moto isikabe. N maana yake ina mfereji wa ringi ya kuizuia isitembee kwenye nyumba yake. Nimeona gari limerudi Uyole baada ya safari moja tu kwa sababu fundi alinunua 6312 tupu badala ya yenye N. Ilitembea ndani ya hausingi (ganda la giaboksi) mpaka ikalila tundu. Namba ikianza na F na mstari, kwa mfano F na tarakimu nyingi, hiyo ilitengenezwa kwa oda maalumu ya kiwanda. Hapo ndipo utahitaji kutafuta kwa namba ya ZF, au kupima kwa vernia na kuona kama ipo ya kawaida inayoingia.

Oili sili nazo ni hivyohivyo, vipimo vyake vitatu vimepigwa usoni. Angalia mshale wa mzunguko tu. Kama mdomo wa sili umechimba mfereji kwenye shafti, usibadilishe shafti. Sukuma sili mpya milimita mbili tatu ndani zaidi ikalie pasipochakaa, au vika shafti bushi nyembamba.

Sasa ugonjwa wako. Gia inayochomoka kwenye mteremko tu ina maana yake. Ukipanda, injini inasukuma magurudumu. Ukishuka, magurudumu yanasukuma injini. Meno madogo yanayofungia gia yanabanwa upande wa pili, na kwa kuwa gia zimekatwa kwa mshazari, shafti nayo inasukumwa kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo kuna mambo manne, na ninakutaka uyaangalie kwa mpangilio wa bei. Kwanza mipira ya kushikilia injini na giaboksi: ikilegea, injini inapopinda kuelekea mbele kwenye mteremko inavuta fimbo za gia, na gia inatoka bila kosa lolote la ndani. Pili viungo vya fimbo zenyewe. Tatu springi na gololi zinazoifungia gia isitoke, hizo unazifikia kwa kufungua kifuniko cha juu. Nne, na hapo sasa giaboksi inashuka, ni meno ya kufungia yaliyochongeka, uma wa gia (unaosukuma gia iingie au itoke) uliolika, au beringi iliyoacha nafasi. Wengi wanaanzia na la nne.

Halafu muulize dereva wako, kwa upole, kama huwa anapumzisha mkono kwenye gia liva. Wapo wanaoishikilia kama bakora kutoka Makambako mpaka Mikumi. Uzito ule wote unashuka kwenye uma, uma unasugua mfereji wake saa zote, na baadaye wewe ndiye unayelipa.

Hilo la hai na lo nalishuku upepo kabla ya kushuku chuma. Giaboksi yako ina gia nne za katikati. Mbele kuna nusu gia inayozifanya nane, nyuma kuna sehemu ya hai na lo inayozifanya 16, na hiyo ya nyuma husukumwa na pistoni ya upepo. Gari likiwa limesimama, magurudumu yamewekewa mawe, upepo umejaa, injini imezimwa na gia ipo nyutro (ikiwa imeingia gia, valvu haipitishi upepo), mwambie utingo abadili hai, lo, hai. Wewe uwe chini. Unatakiwa kusikia mlio mmoja mfupi mkavu. Ukisikia upepo unaendelea kufukuta, weka kiganja kwenye kipumuo cha giaboksi. Kama kinapuliza, basi oringi za pistoni zimekufa na upepo unaingia ndani ya giaboksi yenyewe. Huo ndio unaosukuma oili mpaka kwenye klachi na watu wakalaumu sili. Oringi ni vitu vya bei ya chai. Ila ukiziacha, kila mabadiliko yanakuwa ya polepole, na pete za sinkro za nyuma zinateketea. Toa maji yaliyomo kwenye matangi ya upepo kila asubuhi, hasa Juni na Julai huku kwetu ambako tangi linaamka na jasho.

Ukifikia kushusha giaboksi, yapo ya kupeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga, iwe SIDO au mtaani, na yapo ya kumkataza. Bushi, pini, vipande vya shaba vya kwenye ncha za uma, kuvika pete tundu la beringi lililopanuka: hayo yanawezekana kabisa hapa Mbeya. Mkataze kugongagonga tundu kwa senta panchi ili beringi ibane. Inabana wiki mbili. Na kuchomelea meno ya gia, hapana. Jino la gia ni gumu kwa nje tu, ngozi ya kama milimita moja, iliyopikwa na kaboni kwenye tanuru la nyuzi 900 na zaidi; ndani ni laini ili lisipasuke. Ukiliwekea moto wa kuchomelea, ugumu unaondoka pembeni na ufa unaanza chini. Likikatika linapita katikati ya gia nyingine, na hausingi ndiyo kitu pekee ambacho kweli huwezi kukipata kirahisi.

Kwa gia yenyewe, tafuta giaboksi ya skrepa yenye namba inayofanana na ya kibati chako, Tunduma, Gerezani Dar es Salaam au za mtumba kutoka nje. Usiinunue peke yako. Ninyi wenye 95XF barabara hii mnajuana. Watatu mkichanga mkanunua moja, mkaifungua na kuhifadhi kwenye oili na mifuko yenye majina, mmejipatia stoo ya miaka. Gia ikichukuliwa, ichukuliwe na mwenzake inayosagana nayo. Zimezoeana.

Oili niseme kwa kifupi: fuata kibati na kitabu. Usikubali GL-5 mahali palipoandikwa GL-4 (hayo ni madaraja ya oili ya gia) kwa kuwa "ni nzito zaidi". Dawa zake nyingi hula shaba, na pete za sinkro hushindwa kushika. Ukimwaga oili, futa sumaku ya boliti la chini kwa kidole. Uji wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vimetameta vya dhahabu ni sinkro. Magamba kama ya samaki ni beringi au gia; usiondoke hapo.

Mambo mawili yanaua giaboksi nzima kwa siku moja, na yote ni ya barabarani. La kwanza ni kuvuta gari lililoharibika bila kufungua propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma). Injini imezimwa, shafti ya chini haizunguki, oili haipandi, lakini shafti kuu inazungushwa na magurudumu ikiwa kavu. Igawa mpaka Uyole inatosha. La pili ni kuteremka na nyutro kuokoa dizeli. Kwa Kitonga, breki zitakuua kabla giaboksi haijafa.

Na wakati wa kufungua, shimu, yaani zile pleti nyembamba nyuma ya beringi, zifungwe kwa waya mahali zilipotoka. Mwenyewe niliwahi kuzichanganya, mvua inanyesha, mwenye gari amesimama anahema, nikasema zinafanana. Zilitofautiana chini ya unene wa karatasi mbili. Gari halikufika Mafinga, na giaboksi ile niliirudia kwa fedha yangu.

Yule fundi wa pili, kama tayari ameitoa gia mbovu, akurudishie. Usimwachie aipeleke kwenye mizani ya skrepa. Hesabu meno yake, pima, ifunge na daftari lako. Ndiyo sampuli utakayoibeba ukienda kununua.