Mkojo uoteshwe kwanza, antibiotiki baadaye

Mwaka wa pili baada ya kupandikizwa figo nilishajiona mtaalamu. Nikisikia mkojo unachoma, nafungua kabati, natoa siprofloksasini, antibiotiki zilizobaki safari iliyopita, nameza siku tatu, nikipata nafuu nazirudisha. Mara mbili ilikubali. Mara ya tatu iligoma.

Nilichelewa kwenda hospitali kwa sababu kipimajoto kilisoma 37.8 tu, nikasema hii nayo ni homa? Wenzangu mliopandikizwa, hapa ndipo tunapoponzeka. Prednisoloni na dawa nyingine za kushusha kinga huificha homa, kwa hiyo unaweza kuumwa sana huku kipimajoto kimetulia. Siku hizi uchovu nisioelewa umetoka wapi, au maumivu pale ilipo figo mpya (iko chini ya tumbo karibu na nyonga, si mgongoni), yananitosha kumpigia daktari siku hiyo hiyo.

Majibu ya kuotesha mkojo, yaani maabara kukuza bakteria waliomo na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali, yalitoka siku ya tatu. Kimelea ni E. coli, na chini yake orodha ndefu ya dawa, karibu kila moja ina herufi R, yaani kimelea ni sugu kwayo. Siprofloksasini R. Kotrimoksazoli, niliyokuwa nameza kila siku kujikinga na nimonia, nayo R. Jentamaisini ilikuwa na S, yaani inamuweza, nikauliza mbona hiyo hamnipi. Nesi akanijibu huku anatafuta mshipa: "Hiyo itaua bakteria, halafu itaigeukia figo yako." Kumbe ikikutana na takrolimasi, dawa yangu ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, ndiyo figo inaumia zaidi. Nikatundikiwa meropenemu, ambayo haina kidonge, siku 14 na kanyula, kile kimrija cha kwenye mshipa, mkononi.

Kwa hiyo usimeze antibiotiki yoyote ya kujitibu kabla mkojo haujachukuliwa. Hata dozi moja ikitangulia, maabara inaweza isioteshe kitu, na daktari akabaki anabahatisha. Kinga mkojo wa katikati, ule wa mwanzo uache upite. Ukiwa hoi, dawa itaanza mara tu baada ya sampuli, majibu yatafuata. Hapo majibu yako ya zamani yana kazi kubwa, maana daktari ataangalia ulikuwa na usugu gani. Mimi nimeyapiga picha yote, yako kwenye simu.

Daktari mwingine akikuandikia dawa, hata ya kikohozi, uliza kwanza kliniki yako ya figo. Niliwahi kupewa klarithromisini, antibiotiki nyingine. Baada ya siku chache mikono ikawa inatetemeka hadi chai inamwagika kwenye sahani. Takrolimasi ilikuwa imepanda kwenye damu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: inaishusha, na mwili unaweza kuanza kuikataa figo.

Halafu kuna hili lililoninunisha. Kipimo kimoja kilionyesha bakteria, nami sina dalili yoyote. Niliomba dawa, daktari akakataa. Miezi michache ya mwanzo baada ya kupandikizwa ikishapita, bakteria wasioleta dalili kwa kawaida huachwa, kwa kuwa kuwatibu ni kuwafundisha usugu bure. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikuumwa.

Zile siprofloksasini nilizipeleka famasi siku niliyotoka wodini. Mfamasia alizimwaga kwenye trei akazihesabu: vidonge tisa, kutoka pakiti tatu tofauti, moja imeshapitwa na muda.