Kyoto Animation: ilikoanzia na namna inavyofanya kazi

Ndugu, umeuliza kama Kyoto Animation, studio ya katuni ya Japani, ilitengeneza katuni zake yenyewe tangu mwanzo, na kwa nini ubora wa michoro yake hauyumbi. Mwanzoni haikuwa na katuni zake. Yoko Hatta, aliyewahi kufanya kazi ya kupaka rangi katuni jijini Tokyo, aliianzisha mwaka 1981 mjini Uji, mkoani Kyoto, pamoja na kina mama wa jirani, na kwa miaka mingi walipokea kazi za studio nyingine. Mfululizo wake wa kwanza kamili wa televisheni ulitoka mwaka 2003.

Kuhusu ubora, kwa maoni yangu sababu kubwa ni ajira: wakati wachoraji wengi nchini Japani hulipwa kwa idadi ya michoro, studio hii huwapa wachoraji wake mshahara na ina shule yake ya kuwafundisha, hivyo hakuna anayesukumwa kufanya kazi ya bora liende. Tazama mfululizo wake wa *K-On!* (2009) au filamu ya *A Silent Voice* (2016), iliyoongozwa na Naoko Yamada.

Shambulio la moto dhidi ya studio hii la tarehe 18 Julai 2019 liliua wafanyakazi 36. Hata hivyo, filamu yake ya *Violet Evergarden* ilikamilishwa na kutoka Septemba 2020.