Darasa lilicheka rangi zangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea usanifu wa tovuti. Juzi niliwasilisha darasani tovuti ya mgahawa. Karibu wote walisema "nzuri, hongera", ila mmoja akasema rangi zangu za kishamba, darasa likaangua kicheko. Nikabaki kujitetea mpaka muda ukaisha. Zamu yangu inarudi karibuni. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi hizo hongera zinaniudhi kuliko kicheko, maana hazikukupa hata kitu kimoja cha kurekebisha. Huyo wa "kishamba" angalau alitazama. Mfuate umuulize ni maandishi gani yaliyomsumbua kusoma. Ushamba haupimiki, lakini rangi hupimika: mwongozo wa W3C, wanaoweka viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wanafunzi wangu wanakipenda sijui kwa nini, hakifiki hapo, na projekta iliyochoka humalizia kabisa.

Safari hii usishuke ukurasa mzima ukisimulia "hapa nimeweka menyu, hapa picha". Watu wana macho. Sema tovuti ni ya nani: mtu mwenye njaa saa saba mchana, yuko kituo cha daladala, anataka bei ya pilau na namba ya kupiga. Kisha mpe simu mwenzako ambaye hajaiona kazi hiyo na umwambie, "Nitafutie bei ya pilau." Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu, mkono utakuwasha umwonyeshe kitufe kilipo. Usimwonyeshe! Akigusa picha ya pilau akidhani itamfungulia bei, darasa zima limeona na hakuna cha kubishania. Andika alichogusa, maoni yake yatafuata baadaye, na mara nyingi yatakuwa ya upole kuliko vidole vyake.

Akikosoa mtu, uliza swali moja tu: "Ulikuwa unatafuta nini?" Kama rangi alizichagua mwenye mgahawa, sema hivyo, usonge mbele.

Jambo la mwisho, zima Wi-Fi ya chuo, ifungue tovuti yako kwa bando uone picha zinavyochelewa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuzidi megabaiti 3, wakati kwa skrini ya simu kilobaiti 200 zinatosha. Punguza ukubwa wa picha zako kabla ya zamu yako, si asubuhi ile ile.