ALTER TABLE imechukua dakika 40: ilikuwa inafanya kazi au inasubiri?

Kwenye hifadhidata ya MySQL 8.0, muda wote wa ALTER TABLE (amri ya kubadili muundo wa jedwali) ukiuangalia peke yake haukusaidii kitu. Ndani yake kuna muda wa kusubiri kufuli la metadata (linalozuia muundo wa jedwali kubadilishwa likiwa linatumika) na muda wa kujenga upya jedwali, na kila mmoja una dawa yake. Watu huongeza RAM kwenye seva wakati tatizo ni muamala (transaction) mmoja tu ulioachwa wazi.

Anza na logi ya amri zinazochelewa. Hata ikiwa imewashwa, kwa kawaida haiandiki ALTER wala CREATE INDEX, mpaka uiambie:

SET GLOBAL log_slow_admin_statements = ON;

Kisha washa upimaji wa hatua za amri katika performance_schema, majedwali ambamo MySQL hurekodi utendaji wake:

UPDATE performance_schema.setup_instruments SET ENABLED='YES', TIMED='YES' WHERE NAME = 'stage/sql/Waiting for table metadata lock';

UPDATE performance_schema.setup_consumers SET ENABLED='YES' WHERE NAME LIKE 'events_stages%';

Usisahau TIMED. Bila hiyo, hatua itaonekana, lakini TIMER_WAIT (muda iliochukua) itakuwa NULL. Thamani yake ni pikosekunde, kwa hiyo igawe kwa 1000000000000 upate sekunde. Soma events_stages_history_long, si events_stages_history, kwa sababu hii ya pili hufuta rekodi za uzi (thread) mara tu muunganisho unapofungwa, na skripti nyingi za kubadili skima (muundo wa majedwali) hufunga muunganisho zikimaliza. Mipangilio hii hupotea seva ikiwashwa upya. Ukiitaka ya kudumu, iweke kwenye faili la mipangilio, my.cnf.

ALTER ikiwa bado imekwama, angalia performance_schema.metadata_locks. Yenye LOCK_STATUS ya PENDING ndiyo inayosubiri. Yenye GRANTED kwenye jedwali hilohilo ndiyo ya kuchunguza. metadata_locks yenyewe haina safu wima ya muda hata moja, kwa hiyo unganisha OWNER_THREAD_ID na THREAD_ID ya jedwali la threads, usome PROCESSLIST_TIME. Mara nyingi utakuta mshikaji wa kufuli yuko "Sleep", haonekani kufanya lolote, na ndiyo maana hupitwa. Thibitisha kwa trx_started (wakati muamala ulipoanza) katika information_schema.innodb_trx.

Kabla ya kila ALTER kwenye seva inayotumika, weka SET SESSION lock_wait_timeout = 5. Chaguo-msingi ni sekunde 31536000, yaani mwaka mzima, na ALTER inayosubiri huzuia hata SELECT mpya zinazokuja nyuma yake. Ikishindwa itatoa kosa 1205. Tafuta mshikaji, kisha rudia.