Barua ya kazi na pointi za Kanada
Dada, umeuliza kama barua ya kazi, yaani ya mwajiri wa Kanada anayekuahidi ajira, bado inaongeza pointi za Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Hapana. Tangu 25 Machi 2025 zile pointi 50, au 200 kwa mameneja wa ngazi ya juu kabisa, zimefutwa, maana watu walikuwa wanauziana barua. Ila bado ina kazi yake: kwenye ule mchujo wa kwanza wa wafanyakazi wenye ujuzi, unaotaka angalau pointi 67 kati ya 100, inakupa 10, na baadhi ya majimbo ya Kanada huidai kabla ya kukuteua. Uteuzi wa jimbo ni pointi 600 za Express Entry! Huyo wakala anayekuuzia barua "ya pointi 200", nakuomba usimtumie hata senti. Hela hiyo rudia mtihani wa Kiingereza, alama zake bado zinaongeza pointi.