Pikapu ya mradi: fundi wa rangi aje mwisho

Ukinunua pikapu kuukuu kwa nia ya kuifufua, mtu wa kwanza utakayetamani kumwita ni fundi wa rangi. Mwache kwanza. Mimi nilimwita mapema, na nililipia rangi mara mbili.

Yangu ni Toyota Hilux LN106, injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), ile dizeli ya cc 2779. Niliinunua Bagamoyo kwa mchuuzi wa samaki, nikaipeleka moja kwa moja kunyooshwa bodi na kupigwa rangi nyeupe. Ilipendeza kweli. Siku nilipoipakia saruji nikasikia mlio nyuma, chini ya sakafu. Pale hanga ya springi inaposhikana na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kidole kinapita. Ikabidi bodi ya nyuma ishushwe, chesisi ichomelewe, na rangi mpya ikaharibika.

Kumbe maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakichuruzika juu ya chesisi miaka yote ile ya kubeba samaki. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gari limetembea kilomita ngapi, uliza lilikuwa linabeba nini na liliishi wapi. Kisha lala chini yake na nyundo ndogo na bisibisi, ugonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu, na bisibisi huzama. Ukikuta gari la miaka thelathini lina chesisi iliyopakwa rangi nyeusi juzi, gonga zaidi hapo hapo. Namba ya chesisi ilingane na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujatoa hela.

Ukiwa chini huko, angalia eksele ya mbele karibu na magurudumu. Ukiona grisi imekuwa nyepesi kama uji na inavuja, oili seli ya ndani, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa na oili ya difu (gia za katikati ya eksele) inachanganyika na grisi. Inatengenezeka, ila iingize kwenye bei mnapopatana.

Nakuomba sana jambo moja: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala usiliweke juu ya matofali ya saruji. Matofali hupasuka ghafla. Nunua stendi za chuma kabla ya kununua spana nzuri.

Breki zifuate chesisi. Mipira ya breki iliyozeeka ibadilishe yote, na silinda za magurudumu ya nyuma zifunguliwe hata kama hazivuji. Gari lisilowaka haliui mtu; lisilosimama huua.

Kwenye injini, adui mkubwa wa hizi dizeli za zamani ni joto. Likizidi, gasketi ya hedi, kile kiziba kati ya bloku na kichwa cha injini, huungua na hedi yenyewe inaweza kupasuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yenye utando wa oili, au yanayotoa mapovu mfululizo injini inapowashwa, ni dalili mbaya. Fundi mmoja atakwambia ang'oe themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Mkatalie. Bila themostati injini hukaa baridi mno mwendo ukiwa mwepesi na dizeli haiungui sawasawa. Tena katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho ndicho kinachofunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Kuipima themostati ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uichemshe. Inatakiwa ifunguke kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, nunua nyingine.

Hedi ikifunguliwa, ipelekwe ikapimwe kama imepinda au ina ufa. Gasketi zake zina unene tofauti, na fundi makini hupima kwanza pistoni zimechomoza kiasi gani ndipo achague. Anayefunga yoyote iliyopo dukani, badilisha fundi.

Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu ziende sambamba na pistoni, usiuamini hata muuzaji akiapa. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na dashibodi ya gari kuukuu haina ushahidi wowote. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo bei ya mkanda utaikumbuka kwa uchungu.

Spea usizifuate kwa maneno. Chukua kifaa kibovu mkononi, nenda nacho Kariakoo, na uwe umeandika namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Nyingi ya pikapu hizi zimeshabadilishwa injini na kadi haikusaidii dukani. Kila unachofungua kipige picha, na boliti zake ziweke kwenye kopo lake lenye jina. Mimi niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikitafuta boliti moja ya pampu ya maji.

Ikishatembea, itumie mwezi mzima na mabaka yake. Ipakie mzigo, ipandishe vilima, ipeleke kwenye vumbi, na kila asubuhi uangalie maji, oili na sakafu ilipolala. Kile kitakacholegea kitalegea ndani ya mwezi huo. Ukimaliza wiki mbili za mwisho bila kushika spana, mpigie simu fundi wa rangi.